Nyangumi Walifika Septemba

Baba Nekesa wangu,

Mahindi yameanza kukauka shambani na ndege wameyaingilia, na hakuna wa kuwapigia kelele vile ulikuwa ukiwapigia. Lakini sikuandikii kwa sababu ya mahindi. Nakuandikia kwa sababu ya nyangumi wako, na kwa sababu leo asubuhi nimefanya jambo ambalo limeniacha nimekaa tu jikoni, hapa kwetu Kiminini, chai imepoa mbele yangu na sina hamu nayo.

Unakumbuka ulivyonipata? Nilikuwa nikiuza chakula kwa hoteli ya shangazi pale Bungoma, karibu na msikiti, na wewe ulikuwa taniboi, msaidizi wa dereva kwenye lori la mahindi. Mataniboi wengine walikuja wakinisifu macho, wakinisifu chapati. Wewe uliagiza ugali na matumbo, ukaanza kunieleza habari ya samaki mkubwa kuliko ghala. Ati mlipeleka mahindi Pwani, watu wote wakakimbilia ufuoni kwa sababu nyangumi alikuwa akipita, na dereva akakuamuru ubaki kulinda magunia. Ukabaki. Uliwasikia wakishangilia, na ulipopata nafasi ya kukimbia, bahari ilikuwa tupu.

Nilikuambia, "Nyinyi watu wa Bumula mko na uongo mingi."

Ukacheka, ukasema, "Na si samaki hata. Hiyo ni mnyama, inapumua kama wewe." Nilienda kuosha sahani nikitabasamu peke yangu, na mpaka leo sijui ni nini hasa kilinishika. Ulikuwa hata hujanawa uso.

Tangu hapo niliishi na huyo mnyama ndani ya nyumba. Redio ikimtaja, sote tulinyamazishwa. Watoto walimjua kabla hawajajua ng'ombe wa jirani. Tukigombana, baadaye uliniambia kwamba siku moja utanipeleka nikamwone. Nami nilikujibu kwamba samaki wangu mimi ni omena mdogo wa ziwani, na ananitosha.

Halafu moyo wako ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, ukawa unalala umekaa. Daktari pale Kitale alisema moyo umepanuka, akaandika dawa, na alipokuwa akizungumza alinitazama mimi badala ya kukutazama wewe. Ulielewa. Tulipotoka nje hukutaja kifo. Uliniambia tu, "Mama Nekesa, si twende tuone ile kitu."

Ulipanga safari vile ulikuwa ukipanga shamba. Ulitafuta nahodha wa boti huko Watamu, Athmani, akakueleza kwamba nyangumi huanza kuingia Juni ikiisha, na kufikia mwisho wa Julai mtu hakosi kuwaona. Ulifurahi sana, kwa sababu huo ndio wakati mkulima wa Trans-Nzoia anapumua: palizi imekwisha, mbolea ya pili imewekwa, mavuno bado. Ila mwaka huu mvua ilitucheza. Ilinyesha Machi, tukapanda, ikakata, mbegu ikafia ardhini, tukapanda upya Mei. Julai mahindi yalikuwa hayajatufika kiunoni. Mimi nilitaka tungoje kidogo. Ulisema mahindi yana jirani wa kuyaangalia, lakini wageni wako hawangoji mtu.

Watamu ulikuwa mtu mwingine. Ulivaa lile koti la kuelea la rangi ya machungwa ukakataa kulivua hata tuliporudi nchi kavu. Mimi nilitapika tangu boti liondoke mpaka lirudi, na wewe ukanishika mgongo kwa mkono mmoja huku macho yako yako majini. Pomboo walipokuja wakirukaruka nilikuuliza, "Si ndio hao? Tuende nyumbani." Ulinitazama kwa huruma, vile mtu anamtazama mtu aliyeonyeshwa mbuzi akasema ni ng'ombe.

Tulitoka kila asubuhi bahari ilipokubali. Hawakuja. Nahodha Athmani alianza kuona haya, kana kwamba ni yeye aliyewaficha. Siku ya mwisho alizima injini tukaelea, akatueleza kwa kile Kiswahili chake kitamu. "Mzee wangu, hawa nyangumi kwao ni kusini kabisa, kule bahari inakoganda. Chini ya barafu ndiko wanakokulia uduvi, na hao uduvi ndio chakula chao. Wakishiba ndipo wanaposhika safari kuja kuzaa huku kwenye maji ya moto. Sasa watafiti ninaowabeba wananiambia barafu inachelewa kuganda, na inawahi kuvunjika. Uduvi wanapungua. Nyangumi anabaki kule anatafuta shibe, na siku zinakwenda. Wengine huja wamechelewa, wengine hawaji. Hata wao watafiti hawajamaliza kubishana, lakini mimi nayaona kwa macho yangu."

Mimi nilimuuliza hiyo barafu na sisi watu wa Kiminini tuna kesi gani. Barafu ninayoijua ni ya mvua ya mawe, ile inayochana mahindi majani. Wewe hukucheka. Ulisema polepole, "Kumbe hata wao wamepanda mara mbili." Ukamweleza Athmani kuhusu mvua ya Machi, naye akakueleza kuhusu pepo zilizobadilika, mkazungumza kama watu waliosoma darasa moja. Mimi nilikutazama ukipumua kwa shida na nikajua kwamba hatutarudi tena mahali hapo pamoja.

Tulipoagana ulimpa namba yako. Ulimwambia, "Wakifika nipigie. Hata kama niko shamba."

Baada ya hapo ulilala zaidi ya ulivyoamka. Kila ukifumbua macho swali lilikuwa moja tu: "Amepiga?" Nilikuambia bado. Nilichaji simu yako hata siku ambazo tulikosa stima, nikiipeleka kule dukani barabarani na kusimama hapo hapo nikiingoja, nisije nikamwachia mtu simu ikalia. Nilimwomba Mungu mambo mengi ya maana katika maisha yangu. Mwezi huo wa Agosti nilimwomba nyangumi. Asubuhi ile uliuliza, nikasema bado, ukasema, "Sawa, watakuja." Nilienda kukupashia uji. Niliporudi ulikuwa umeenda.

Kwa mazishi watu walisema mazuri. Wazee walisimama mmoja mmoja wakaeleza maisha yako vile desturi inataka. Walisema ulikuwa mkulima hodari, mtu wa kanisa, mtu asiyemsumbua jirani. Hakuna aliyetaja nyangumi. Nilitaka kusimama niseme, nikaogopa watacheka, na siku hiyo nisingeweza kustahimili mtu akicheka. Nilikaa na leso yangu, na watu wakasema Mama Nekesa ni mwanamke jasiri, hata machozi hana.

Simu ililia Septemba. Nilikuwa uani nikipura maharagwe.

"Salaam aleikum. Mzee yupo? Mwambie wageni wake wameingia."

Na mimi, niliyekwisha kumwambia kila mtu, kanisa, ukoo, mwenye duka, nilifungua mdomo nikasikia sauti yangu ikisema, "Ametoka kidogo."

"Basi mpe salamu. Wako wawili, na mmoja ana kitoto. Wamekonda, mama, lakini wamefika. Namtumia picha sasa hivi."

Niliziangalia hizo picha nikiwa nimekaa juu ya maganda ya maharagwe. Mgongo mweusi unapanda majini na haumaliziki, halafu pumzi inaruka juu. Ni mkubwa, Baba Nekesa. Ni mkubwa kuliko ghala, na kando yake kale katoto kanapumua pia, kapumzi kadogo. Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka kuku wakakimbia. Nimewahi kukasirikia mvua, na mama yako, na serikali, lakini sijawahi kuwa na uchungu kama ule niliokuwa nao juu ya barafu ambayo sijaiona na sitaiona. Ingeganda wakati wake tu. Wangeshiba, wangekuja Julai kama kawaida yao, na wewe ungewaona huku umenishika mgongo. Wamekuja kwako kutoka mwisho wa dunia, wakiwa na njaa, na wamekukosa kwa wiki chache.

Athmani aliendelea kuandika. "Mzee, leo wamekaribia mwamba." "Mzee, kitoto kimejifunza kuruka." Nikamjibu. Nilimjibu kama wewe, bila nukta, bila koma, vile ulikuwa ukiandika mpaka mtu anakosa pumzi akikusoma. Asante nahodha mama Nekesa anakusalimu Mungu ni mwema. Usinicheke. Kila mahali nilikopita ulikuwa marehemu: kanisani marehemu, sokoni marehemu, hata kwa chifu marehemu. Huko Watamu tu ndiko ulikuwa bado mzee aliyetoka kidogo. Nilipoandika, ulikuwa shambani, unakuja, unaisoma sasa hivi.

Nekesa alikuja kutoka Bungoma wiki iliyopita kunitazama. Alichukua simu yako kutafuta namba ya shemeji yake, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu.

"Mama, huyu mtu anaongea na nani?"

"Na baba yako."

Hakunigombeza. Ana moyo wako huyo mtoto. Aliiweka simu mezani, akanishika mkono, akasema, "Mama, huyo mtu pia ako na haki ya kulia."

Nilimkasirikia siku nzima. Halafu leo asubuhi Athmani akaandika tena. Nyangumi wameondoka, wameshika njia ya kwao, kitoto kinamfuata mama yake. Amesema anawahurumia, maana hajui huko watakuta barafu kiasi gani. Akasema, "Mwakani njoo, mzee wangu. Safari hii usiangalie kalenda, mimi ndiye nitakuita. Nafasi yako kwenye boti nimekuwekea."

Niliisoma nikaona siwezi kumfanya mtu mwema akuwekee nafasi. Nikaandika kwa mkono wangu, na nukta zangu. Nahodha, mimi ni mke wake. Mzee alituacha Agosti. Alikuwa akiuliza kila siku kama umepiga.

Alipiga hapo hapo. Alisema maneno ya dini yao, akasema pole, nami nikasikia bahari yake nyuma. Kisha tukakata.

Nimeiweka simu kando ya chai. Haitalia tena kwa ajili yako. Nilikuzika Agosti mbele ya watu wote, nikastahimili, lakini mume wangu, leo nimekuzika peke yangu jikoni na nimeshindwa. Mtu wa mwisho aliyekuwa akikungoja nimemwambia asikungoje.

Lala basi, kipenzi changu. Mimi niko hapa.

Mkeo,
Mama Nekesa