Baba, Ringi Limelia Tena

Mwangaluka, Baba.

Nakuandikia huku Kulwa amelala mgongoni na Doto ananyonya, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka usinicheke. Hukuwaona wajukuu zako. Walizaliwa mahindi yakichanua, sisi tumeshakuzika. Baba yao bado yuko machimboni, salamu zake zinafika kuliko yeye mwenyewe. Doto amechukua paji lako la uso, lile la kukunjamana kama anamsikiliza mtu aliye mbali. Mama husema, "Huyu katekista mwingine," halafu anageuka kupepeta mchele wake.

Tangu uondoke, pamba imepata wenyewe wengi. Zamani tulipeleka kwenye chama cha ushirika tu, tukasubiri. Siku hizi wanakuja wanunuzi na magari yao na mizani yao, na kila mmoja anatafuta ghala. Mmoja akaliona kanisa letu la kigango. Ukuta mzima, bati zima, kufuli mlangoni. Akamwendea Mzee Nyanda, mwenyekiti wa kigango. Mzee akatuita kikaoni, akasema, "Katekista hatuna. Padri anakuja kwa nadra. Popo wanasali humo kuliko sisi. Tumpe mtu aweke pamba yake."

Mama tangu mazishi yako alikuwa hajakanyaga pale kanisani. Na mimi, Baba, sikuwa na nguvu za kubishana, nanyonyesha wawili. Ila niliumia. Nilijua pamba ikishaingia mle, nyumba ile hatuipati tena.

Wiki ileile nilipeleka watoto kliniki mjini. Gari la kurudi likachelewa, jua linachoma. Mama Zuhura mwenye duka pale Somanda akaniona. "Wewe mama mapacha, utaanguka! Ingia ndani ukae." Kumbe ndani mumewe amefungua banda la video. Televisheni, mabenchi, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta. Vijana walikuwa wameahidiwa karate. Kanda ikawekwa, akatokea padri.

Ungecheka, Baba. "Huyu anapigana saa ngapi?" "Tulia, panga liko chini ya kanzu!" Filamu ilikuwa ya Kizungu. Kijana mmoja wa sekondari akawa anatutafsiria, nadhani nusu alikuwa anatunga. Lakini mengine hayakutaka mtafsiri. Padri yule alimzika mtoto aliyekuwa akimfundisha, na baada ya hapo imani ikamkauka. Anafungua kitabu, mdomo hautoi neno. Waumini wakaanza kumkimbia. Mwishoni yuko peke yake, mabenchi matupu, akawasha mshumaa akaanza misa hivyo hivyo. Vijana wakazomea, wanadai karate yao. Mimi nililia mpaka Mama Zuhura akadhani mtoto kazidiwa.

Nilikuona wewe. Mwaka ule tuliomzika kaka Masanja. Sala ya jioni nyumbani uliacha kuiongoza, ukawa unakaa tu unaangalia zizi. Lakini Jumapili uliamka ukaenda kulipiga lile ringi la lori linaloning'inia pale kanisani. Nikakufuata, nikakuuliza, "Baba, umeshapona?" Ukasema, "Bado. Nikisubiri nipone, hawa watasali lini?" Ukapiga, ukanyamaza. Ulikuwa hupigi mara ya pili, ile ya kuanza sala, mpaka uone kitambaa cheupe cha Bibi Holo kimevuka korongo. Siku zote nilidhani unamsubiri kwa kuwa ni mzee. Siku ile ya video nikafikiri, labda na wewe ulihitaji kumwona mtu mmoja anakuja.

Jumapili iliyofuata nikamfunga Kulwa mgongoni, Doto kifuani. Mama akauliza, "Mwanamke wa kunyonyesha ndiye awe katekista?" Nikamwambia, "Sijui nitakuwa nani, Mama. Naenda kupiga ringi."

Nikapiga. Halafu ndiyo ilikuwa ninyamaze, si ndiyo? Lakini Doto akaangua kilio, Kulwa akampokea, na mimi kwa kutaka kumaliza upesi nikalipiga mfululizo kwa nguvu zangu zote. Na wewe unajua mfululizo ni nini kwetu.

Sungusungu wakatoka kila upande! Marungu, pinde, filimbi, mmoja kavaa kiatu kimoja. Mzee Nyanda mbele, pumzi zimemwishia. "Ng'wana Katekista! Ng'ombe wa nani wameibiwa?"

"Hakuna ng'ombe, Mzee. Ni Jumapili."

Nikajua leo nachapwa. Mara mmoja huko nyuma akamnyooshea Doto kidole, "Basi mwizi ndiye huyu anayepiga kelele!" Wakacheka hadi wakashika magoti. Nikaona nisingoje kicheko kiishe. Nikasema, "Mlisema nyumba haina watu. Mmekuja wote. Mzee, ufunguo unao."

Alikuwa nao mfukoni, Baba. Mchana wa siku ile ile ilikuwa amkabidhi mnunuzi. Akanitazama, akawatazama wenzake wanavyohema, akafungua. Marungu yakaegemezwa ukutani. Fundi wa mashine ya kusaga, ambaye ni Mwislamu, akakaa nje kulinda silaha za wenzake.

Nikasimama pale ulipokuwa unasimama wewe. Sikuwa na neno. Kweli kabisa, kifua kikavu. Nikaanza Baba Yetu hivyo hivyo. Nilipofika kwenye mkate wetu wa kila siku sauti ikakatika, nikabaki natazama sakafu. Sauti nyingine ikaipokea sala kutoka mlangoni. Alikuwa Mama. Amebeba kigoda chake kichwani, hata hajakitua.

Mzee Nyanda alimwambia yule mnunuzi atafute pengine. Mimi aliniambia tu, "Lakini jifunze kupiga. Utatuua kwa mbio." Padri alipopita amesema mapacha watabatizwa humo humo, baada ya mavuno. Doto atachukua jina lako.

Sitakudanganya, Baba. Kuna asubuhi naamka sina imani yoyote, nina usingizi tu. Nawafunga watoto, naenda. Mara nyingine imani inanikuta njiani, mara nyingine hainikuti, na ringi nalipiga.

Sasa Doto ameshiba, ananivuta kalamu. Pumzika, baba yangu. Bibi Holo bado yupo, ila siku hizi anatembea polepole zaidi. Nakuahidi nitapiga, nitanyamaza, na sitapiga tena mpaka nione kitambaa chake kimevuka korongo.

Mwanao,
Minza