Meza Niliyoisikia

Jumatatu, 4 Machi 1912

Nimejiharibia mwenyewe. Kwa neno moja.

Bwana mpya wa shule, Mjerumani, aliingia asubuhi kutugawa. Sisi wa darasa la mwisho tumeingoja siku hii muda mrefu — wengine watakaa bomani wawe makarani, wengine watakwenda banda la nyuma, kwa maseremala. Bwana ametoka kwao juzi tu, Kiswahili hajui. Ana "jambo" moja, na hilo analitoa kama anapiga chafya. Basi akawa anamuuliza kila mtu kwa Kijerumani.

Kwa kuandika Kijerumani hakuna wa kunishinda. Nasema hapa kwa kuwa kwa mdomo siwezi. Kwa mdomo siwezi kitu. Mtu akinitazama tu, masikio yanaziba.

Akasimama mbele yangu. Akanitazama. Katika maneno yake yote nikadaka moja: Tisch. Meza. Nikaiona pale pale — meza ya karani, kidau cha wino, kiti chenye mgongo. Nikajibu "jawohl", ndiyo Bwana, kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo. Akanipiga bega, akapita.

Alikuwa amesema Tischler.

Seremala.

Jumanne, 5 Machi

Kutwa nzima randa na ubao wa mvule. Viganja vinawaka.

Vijana wa banda wameshapata habari. Lukasi, mkubwa wao, amenipokea mlangoni: "Karibu, Bwana Meza. Uliitaka, haya, ichonge." Wakacheka mpaka msumeno ukasimama. Mimi nikainama nikaokota maranda, kama niliyetumwa.

Na Stambuli amewekwa ofisini! Mtoto wa akida, yule anayeninakili tangu tulipoanza shule. Alipoulizwa jana hakujibu lolote. Alikaa kimya tu, mwalimu wetu Salehe, aliyesimama kando ya Bwana, akamjibia. Baba yake alikwisha kupita kuzungumza.

Mimi nilidhani kunyamaza ni ugonjwa. Kumbe wengine wananyamaza kwa sababu wana wa kuwasemea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwendea Mwalimu Salehe. Nilizunguka nyumba yake kwanza, mbuzi wakanichoka. Nikamwambia yote: nilisikia vibaya, anisaidie kwa Bwana.

Akaniuliza, "Niende nikaseme nini? Kwamba Mikidadi hakuelewa Kijerumani?"

Nikasema ndiyo.

"Na karani asiyeelewa Kijerumani ni wa nini, mwanangu?"

Nikisema nilielewa, mimi ni seremala kwa kutaka. Nikisema sikuelewa, mimi ni seremala kwa kustahili.

Halafu akashusha sauti. Akasema fundi wa Kihindi anadai mshahara mnene, ndiyo maana Serikali imefungua lile banda. Viti na makabati yatatoka kwetu kwa bei ya ugali. Sitaki kuudharau useremala, akasema, hata mtume Nuhu alishika shoka. Lakini usidhani wale watoto wa akida na wa liwali watapelekwa huko siku moja. Huko ni kwenu ninyi wa milimani.

Nikasema ahsante. Ahsante ya nini?

Ijumaa, 8 Machi

Leo ubao ulitoka laini, ukang'aa. Nikaupapasa, nikafurahi — kabla sijakumbuka kuchukia.

Hilo silisemi kwa mtu.

Jumapili, 10 Machi

Nimepanda Towero, nyumbani. Mvua, utelezi, ukungu umekaa juu ya migomba.

Mama alifurahi. Mjomba Maneno alifurahi zaidi, na yeye ndiye niliyekuwa namwogopa. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Yeye ndiye aliyesema niende shule, wazee wengine wa ukoo walipokataa. Hoja yake ni moja: amri za boma zinatufikia huku kupitia kwa karani wa akida, na kila zikifika zimeongezeka. Wakidaiwa watu wachache wa kazi ya barabara, sisi tunaambiwa kijiji kizima. Anataka mtu wa damu yake akae pale amri zinapoandikwa.

Nikamwamkia, shikamoo mjomba. Marahaba, mpwa wangu. Wamekukalisha bomani?

Nikasema, "Wameniweka kwenye mambo ya meza."

Ee, hivyo ndivyo nilivyosema. Mimi, mwoga.

Akanishika mkono kunipongeza, akaugeuza kiganja. Akauliza: "Kalamu gani hii inayotoa malengelenge?"

Nikalia. Mama akatoka jikoni. Nikaeleza, Tisch na Tischler, wao wakasikia neno lile lile moja mara mbili. Mjomba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu: "Kosa la sikio si kosa la kichwa. Kesho nashuka nawe. Nitamwambia Bwana mwenyewe."

Jumatatu, 11 Machi

Tumefika shuleni, mjomba ana jogoo kwapani. Mwalimu Salehe ana homa, yuko kitandani. Hakuna mkalimani mwingine. Bwana akatazama huku na huku, akaninyooshea kidole mimi.

Mjomba akasema polepole, kwa heshima. "Mwambie hivi: mtoto wangu hakuelewa ulichomuuliza. Hakukataa kazi yako. Ila sisi tulimleta ajifunze kalamu. Tunaomba umuulize tena."

Na mimi nikasema. Nilisema yote, sikuruka neno, vitenzi vyote nikaviweka mwisho panapotakiwa. Sijapata kusema Kijerumani kizuri namna ile, na labda sitasema tena.

Bwana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kirefu, akavua miwani akaipangusa. Akasema: kwa Kijerumani kama hicho unaniambia hujui Kijerumani? Akasema kwao nako wapo vijana wanaokimbia randa, mbinu zao anazijua. Akasema mafundi wote wa banda hawamwelewi hata akitaja kipimo, na sasa amempata anayemwelewa. Nibaki hapo hapo. Akampa mjomba mkono, akapokea jogoo.

Mjomba alimwona anacheka, naye akacheka. Wamecheka pamoja, wamepeana mikono, mimi katikati.

Tulipotoka akaniuliza, "Amekubali, eh? Unaanza lini?"

Nikamwambia ngoja kwanza nikuletee maji ya kunywa.

Sasa niko nyuma ya banda, naandika juu ya goti. Kata ya maji iko hapa, imejaa. Mjomba yuko upenuni na Lukasi na wenzake, namsikia anawasimulia jinsi Mzungu alivyofurahi. Lukasi hacheki. Wote wanamwacha mzee aseme.

Sasa ananiita. Haniiti Mikidadi.

"Karani! We karani wangu, maji yako wapi?"