Mikono Yote ya Kushoto

Jumatano, jioni, Kikuyu. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye ndoo ya maji.

Leo msimamizi kutoka chuoni alikuja kunipima. Nikifeli mazoezi haya ya kufundisha, narudia mwaka mzima, na mama kule Mpwapwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba binti yake ni mwalimu.

Mada ilikuwa kutafuta mlinganyo wa mstari unaoukata mwingine kwa pembe mraba. Jana niliwafundisha Kidato cha Nne hayo hayo. Nilipouliza kama tumeelewana, wakaitikia "Ndiyo, madam!" mpaka bati likatetemeka. Nikaridhika, utadhani mimi mwenyewe sikuwahi kuitikia hivyo nilipokuwa mwanafunzi.

Mwalimu Yohana, anayenilea hapa shuleni, akaninong'oneza dawa ya ukaguzi. "Wote wanyooshe mikono. Anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wewe chagua wa kulia tu, mgeni ataona darasa limechangamka."

Nilicheka. Kisha nikaenda kuwaambia wanafunzi.

Basi leo mgeni amekaa nyuma kabisa, kalamu mkononi. Nikaandika ubaoni y = 2x + 1, nikataka mstari unaoukata kwa pembe mraba na kupita kwenye nukta (4, 3). Nani atatupa mteremko wake?

Mikono yote ikapanda.

Yote ya kushoto.

Mgeni akatabasamu, akaandika kitu. Mimi natafuta wa kulia hata mmoja, dawati kwa dawati, chaki inalowa jasho. Nikataka nijibu mwenyewe, lakini akaniwahi: "Huyo binti wa dirishani."

Neema akasimama. Neema ni mlokole kwelikweli, hasemi uongo hata wa kujiokoa.

"Samahani, mwalimu. Mimi nimenyoosha wa kushoto."

Mikono ikaanza kushuka. Mgeni akanigeukia, akauliza maana yake nini. Ningeweza kutunga kitu. Nikasema ukweli, kwa sauti ambayo sidhani kama ilifika nyuma, ila aliisikia.

Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema tu, "Ijumaa narudi. Mada hii hii." Akatoka bila kujaza alama.

Ila hilo silo linalonikaba.

Alipotoka, niliwaambia watoto waulize chochote, kwa Kiswahili badala ya Kiingereza cha somo. Neema akauliza, "Madam, kwa nini mteremko mmoja ukizidishwa kwa mwingine, jibu lazima liwe hasi moja?" Nikamjibu kwamba kanuni ndivyo inavyosema. Akakaa, kwa adabu.

Jibu ninalo: y = -½x + 5. Kwa nini iwe hivyo, sikuwa najua. Nimefika chuo kikuu kwa kukariri.

Jioni hii nimechora mstari ule kwenye karatasi ya miraba: hatua moja kulia, mbili juu. Kisha nikaigeuza karatasi robo mzunguko, kufuata mshale wa saa. Juu ikawa kulia, kulia ikawa chini. Mbili kulia, moja chini: ndiyo hasi nusu. Nimeigeuza tena na tena mpaka chai imepoa, na kuna mahali bado pananiponyoka.

Ijumaa, akiniuliza mimi badala ya Neema, nitanyoosha mkono upi?