Nimeipigia Debe Ofisi Yangu Mwenyewe

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Nimekaa kwenye ngazi.

Nimetoka kwa mwenye jengo. Si unajua tangu ageuze ghorofa za juu kuwa nyumba za kuishi na chini aweke maduka, hatupumui? Nikaenda kuomba apunguze kodi ya ofisi yangu ya uwakili.

Kulikuwa na mgeni ameketi kwenye kiti. Nikadhani ndugu yake. Uwakili ukanipanda kichwani, nikamwaga yote!

"Mzee, ile si ofisi tena! Watu wanashuka na kandambili kununua mkate wa moto! Wateja wa duka la dawa wananijazia mlango mpaka jioni!"

Mgeni akauliza taratibu, "Mpaka jioni?"

Nikaapa. NIKAAPA, mwenzangu!

Akamgeukia mzee: "Naitaka hiyo. Kodi taja wewe."

Kumbe ni daktari wa meno, anatafuta ofisi!

Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, panapojaa watu kodi haishuki. Mkataba wako si unaisha mwezi huu?"

Kesi nimeitetea vizuri mno, na tumeshinda. Tatizo, nilikuwa wakili wa yule daktari.