Aya Moja Katika Historia ya Stroud

Jumanne, 6 Oktoba 1998
Nimekabidhi historia ya maduka ya Stroud — miaka tisini, kuanzia kibanda cha vitambaa hadi matawi jimbo zima la Missouri. Itaandikwa ukutani, mgahawa wa ghorofa ya sita ukifunguliwa upya. Kip Brandt, kijana wao wa matangazo, amenisifu sana. Bila shaka hajasoma.

Alhamisi, 8 Oktoba
Amesoma. Anataka aya moja itoke.
Ni ile inayoeleza kwamba sisi weusi tuliruhusiwa kununua kofia Stroud, si kuzijaribu. Utaratibu makini kabisa: kofia ikigusa nywele zako, umeinunua. Mama alijipima kichwa kwa uzi nyumbani, akaenda dukani na uzi wake. Mgahawani hatukukaribishwa kabisa, hadi 1958 dada yangu Lavinia na wenzake walipoanza kwenda kuketi kila Jumamosi. Walinyimwa hata maji. Hawakuacha mpaka Stroud wakasalimu amri.
"Mwalimu, watu wanakuja kula," Kip akasema. "Tusiwaharibie hamu."
Nikamweleza kwamba Lavinia aliharibiwa hamu zamani, na bado anakula vizuri tu.

Jumatatu, 12 Oktoba
Kip ameleta sentensi mbadala: mwaka 1958 mgahawa "ulipanua milango yake." Kumbe shida ilikuwa milango. Seremala angetosha.
Nimempigia Lavinia simu, nikamsomea. Kacheka mpaka akakohoa.
"Na mimi ndiye mgeni rasmi wa ufunguzi," akasema. "Niende?"
"Nenda."
"Haya. Ila wewe usinivalie ile tai ya kijani."

Jumamosi, 24 Oktoba — mgahawani
Aya yangu haipo. Milango imepanuliwa, kwa herufi za dhahabu.
Lavinia amechagua meza ya dirishani. Mhudumu, binti mpole, akaja: "Samahani, bibi, hii ni ya wawekezaji. Nimekuandalia nafasi nzuri kule nyuma."
"Kule nyuma napajua, mwanangu. Niletee chai."
Kip amefika anahema. "Bi Lavinia, nakuomba. Dakika mbili tu."
Dada anasema atainuka nikishaisoma aya yangu kwenye maikrofoni. Kip kanigeukia, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Wawekezaji wamesimama na glasi zao, wanatabasamu, hawana pa kukaa.
Nimemfafanulia Kip, polepole, kwamba mara ya mwisho Lavinia alikaa hapa majira mazima ya baridi.
Sasa anauliza aya yenyewe ina urefu gani.