Mugomba Tuliouzika kwa Jina Lako

Swima, baada ya ibada ya Jumapili

Baba Yona,

Mimi mke wako ninakusalimu katika jina la Bwana. Muhubiri anasema wafu hawasomi barua. Basi, nitaandika tu, moyo upate kutulia.

Mutoto wetu anaona wafu. Ilianza baada ya matanga yako. Ziwa lilipokataa kukurudisha, watu wa ukoo walifanya kama desturi yetu: wakakata mugomba wa urefu wako, wakauvika shati lako la kanisani, tukauzika nyuma ya nyumba. Nililia juu ya ule mugomba kama ni wewe. Tangu hapo Yona, kijana mzima mwenye ndevu, akawa anasalimia watu ambao sisi hatuwaoni. Alimwona seremala wa kule mjini Baraka amesimama majini, amelowa, na wakati ule seremala alikuwa mzima, anapiga misumari. Juma halikuisha tukasikia amekufa. Ndipo nikajua kwamba anaona hata wale ambao bado wako njiani.

Kisha akakuona wewe. Mchana kweupe, tukianika ndagala, wale samaki wadogo, mchangani, akaniambia, "Mama, ona, Baba njo ule. Anatoka mu maji, anaenda ku kaburi, anainama sawa mutu anatafuta mulango, anarudia mu maji." Kila mchana vile vile. Akaacha kula, sahani yake ya bugali alikuwa anaisogeza upande wako. Wavuvi wenzake wakamuchezea: "Yona, leo muzee amevaa nini? Mwombe atuonyeshe kwenye samaki iko!" Nami nilicheka nao mara moja, kwa haya. Lakini alipoanza kusema, "Nitamufuata, nione kwenye analala," nilificha makasia yote chini ya kitanda, nikapiga magoti.

Halafu akaja mtu wa kijiji cha Kazimia na mutumbwi wa mihogo. Akasema walikuokota kwenye matete, zamani, wakakuzika kule kwa heshima, jina hawalijui. Akanipa mukanda wako. Niliona yale matundu uliyotoboa kwa musumari. Sikuuliza tena.

Kaka yako Wilondja akashika kichwa: "Mutu moya, makaburi mbili! Sasa atalala wapi?"

Muhubiri alikataza tusifukue kaburi la mugomba. Ninamuheshimu, lakini mutoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Tulifukua. Mugomba ulikuwa umeoza, unanuka, unatoka maji; vifungo vya shati tu ndivyo vilibaki vizima. Wilondja akautupa ziwani. Yona alitazama, kisha akasema, "Ameenda upande wa Kazimia. Hakugeuka." Siku ile alikula mpaka akakwangua chungu. Niliimba, Baba Yona. Niliimba mpaka majirani wakaja.

Lakini mvua ilitukuta, tukaacha shimo wazi.

Asubuhi nilimukuta Yona kando ya shimo, ameshika kofia mukononi kama mbele ya mukubwa, anatazama ndani. "Ni nani?" nikauliza. Akasema, "Hapana mutu, Mama. Tujaze upesi." Akajaza kwa jembe, akajaza kwa mikono, analia.

Nilifikiri amejiona yeye mwenyewe. Nilifunga kula, nikamwambia Mungu achukue chochote, ila si huyu. Sina mwingine.

Sasa ninaona Yona amebadilika. Anaenda kuchota maji yeye, mwanaume, mutungi kichwani. Bamama wa mutoni wanamupigia vigelegele: "Bibi-arusi huyu! Tumulipie mbuzi ngapi?" Hajali. Kuni ananinyang'anya. Nikijinyoosha kidogo mchana, anakuja polepole, anaweka mukono karibu na pua yangu, anasikiliza kama ninapumua.

Basi nimejua ni nani alikuwa mule shimoni. Na moyo wangu umetulia, Baba Yona. Ni mimi. Si yeye.

Pumzika kule ulipo, kwa watu waliokufunika bila kukujua, Bwana awalipe. Nimeshamwambia Wilondja, siku yangu ikifika anivushe mpaka Kazimia, anizike kando yako. Na neno hili ninakuahidi: Yona hatajua kwamba ninajua. Akirudi na mutungi wake nitamwambia tu, "Aksanti, mutoto wangu. Weka pale."

Ni mimi,
Mama Yona