Kwerekwere, Neno la Lerato

Jumanne, 12 Mei 1998

Nina aibu. Leo wamepita akina mama wachuuzi, wenyeji wa hapa, wanakagua kila meza ya mtaa wetu mjini. Nani wa hapa, nani katoka nje? Mimi wa Dodoma nikajibu kwa Kizulu nilichofunzwa na mama mkwe, nikataja jina la ukoo la Sipho, mume wangu. Wakaridhika. Kisha wakamgeukia Angélique, msusi, Mkongo — ndiye aliyenimegea nusu ya kona yake nilipokuja na cherehani sina pa kuiweka. Na huyu? Nikasema: kwerekwere! Kwa lafudhi yao kabisa. Wakacheka, nikacheka nao.

Kiti chake wakakibeba, wakakibwaga nyuma ya mapipa ya taka. Alikuwa na mteja, kichwa kimesukwa nusu. Yeye na mteja wake wakamalizia huko huko kwenye uvundo. Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema ni wifi yangu, wangeamini.

Jumatano, 13 Mei

Kazi ya shule. Kila mtoto achague neno la Kiingereza cha hapa, ambalo Waingereza wenyewe hawana: lilikotoka, maana zake, na mfano wa mtu kulisema. Robot, yaani taa za barabarani, limeshachukuliwa; bakkie, yaani pikapu, pia. Lerato wangu kachagua nini? Kwerekwere. Kwa nini hilo, mwanangu? Eti jana niliposema wote walicheka. Kumbe alikuwa pale pale, miguuni pa cherehani na madaftari yake! Nilimsahau kabisa.

Nikamwambia abadilishe. Akauliza kama ni tusi. Nikamwambia akaoge.

Ijumaa, 15 Mei

Sipho kamsaidia. Anasema watu wa hapa waliwasikia wageni wakiongea, wakaambulia kwere-kwere tu, wakawabandika jina hilo. Mama mkwe anabisha: lilianzia migodini, zamani. Hakuna mwenye uhakika. Mimi nikawawaza kweleakwelea wa kwetu Dodoma, tulivyowafukuza kwenye mtama kwa kupiga madebe. Maana? Mgeni, kaandika Lerato. Mgeni mweusi, baba yake akasahihisha — Mzungu haitwi hivyo.

Halafu akasema, taratibu, kwamba miaka yote aliyokaa Morogoro enzi za makaburu, mkimbizi asiye na hata pasipoti, watu walimwita ndugu. Hajui nilichofanya.

Jumapili, 17 Mei

Nilipanga kwenda kwa Angélique baada ya kanisa, nimwombe radhi. Kaniwahi! Mwezi uliopita alimwahidi Lerato kumsuka siku yake ya kuzaliwa, na leo kaja kutimiza. Kanisalimia vizuri tu: mama Lerato, habari ya siku. Bora angenitukana. Nimemtengea chai. Msamaha nimeuandaa, lakini mbele ya mtoto nashindwa kuutoa.

Lerato kakaa katikati ya magoti yake, daftari mapajani. Kabakiza mfano tu. Akamwuliza kwa Kiingereza: anti, wewe ulimsikia nani akilisema? Vidole vikaendelea kusuka. Kisha Angélique akajibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie vizuri:

"Muulize mama yako. Yeye anajuaka kuisema muzuri."

Nikasema nafuata sukari. Sukari ninayo, niko jikoni naandika nimeegemea friji. Lerato ananiita — penseli iko tayari, niseme tena vile vile nilivyosema Jumanne, na mara hii polepole, aandike.